Umeleta mtoto wa mbwa shambani? Amua choo chake kabla hajaamua yeye



Wiki hii naweka pembeni mbolea na viuatilifu. Tangu wizi wa kuku uanze kusumbua kwenye kata yetu, kila kijana mwenye banda la kuku mia mbili na kuendelea anatafuta mbwa, na simu ninazopokea zimebadilika. Zamani ilikuwa "afisa, nyanya zangu zinanyauka." Sasa ni "afisa, huyu mtoto wa mbwa ananimaliza, anajisaidia kila kona, nifanyeje?"

Wengi wanauliza huku wanacheka, wakiona ni swali la wenye muda wa kupoteza. Mimi sicheki tena. Jambo hili lilinigharimu vifaranga 47 kwa usiku mmoja, nikiwa afisa ugani mwenye cheti ukutani, na nitawaeleza ilivyokuwa. Ila kwanza niwaambie habari ya mbuzi.

Mwaka juzi niliitwa na kijana mmoja mfugaji, ana mbuzi kama arobaini. Alikuwa na jike la mwaka mmoja hivi, lilikuwa linazunguka upande wa kushoto tu. Kichwa kimeinama, likifika ukutani linasimama hapo hapo limebandika paji la uso, halijui kurudi nyuma. Alishalichoma sindano za antibayotiki siku tatu mfululizo, hela imekwenda, hali ni ile ile. Tukakubaliana achinjwe. Tulipopasua fuvu tukakuta mfuko wa maji kwenye ubongo, mkubwa kama yai dogo la kuku wa kienyeji, ngozi yake laini, na ndani yake vidoa vyeupe vingi kama chembe za mchele. Hicho ndicho kizunguzungu cha mbuzi na kondoo. Wamasai wanauita ormilo ugonjwa wa namna hii wa kuzunguka.

Wakati mimi bado nauangalia ule mfuko, yule kijana akachukua kichwa na kutaka kuwarushia mbwa wake wawili waliokuwa wamekaa wanasubiri. Nikamshika mkono. Nikamwambia, mdogo wangu, hapo hapo ulipo ndipo ugonjwa unapoanzia.

Maana mzunguko wake uko hivi. Mbwa akila ubongo mbichi wenye ule mfuko, vile vidoa vyeupe vinakua tumboni mwake na kuwa tegu. Tegu huyo hamuumizi sana mbwa, wala hutamwona amekonda. Anatoa mayai, mayai yanatoka na kinyesi, mbuzi anayala pamoja na majani, na kiluwiluwi kinasafiri mpaka kwenye ubongo. Tukazunguka boma zima kutafuta kinyesi cha wale mbwa kiko wapi. Hawakuwa wamefundishwa kitu chochote tangu utoto. Choo chao kilikuwa juu ya rundo la majani yaliyokatwakatwa, chini ya kibanda, pakavu, laini, hapaingii mvua. Ni yale yale majani anayowapelekea mbuzi kila jioni kwa toroli.

Kwa ng'ombe iko hadithi inayofanana. Kuna kidudu kinaitwa Neospora, mbwa anakitoa kwenye kinyesi, na ng'ombe wa maziwa akikila kwenye chakula anaweza kutupa mimba, mara nyingi ikiwa ya miezi mitano au sita. Akishaambukizwa hakuna dawa ya kumponya, na anaweza kumrithisha ndama akiwa bado tumboni. Mbwa naye anakipata kwa kula kondo la nyuma na mimba zilizotupwa. Kwa binadamu, tegu mwingine wa mbwa anasababisha uvimbe wa maji kwenye ini na mapafu. Ndugu zetu wa Turkana, kaskazini magharibi mwa Kenya, wameumia sana na ugonjwa huo, ni miongoni mwa waliorekodiwa kuwa nao kwa wingi zaidi duniani.

Sasa ukiniuliza nani mkosaji kati ya kichwa kibichi, mbwa asiyepewa dawa ya minyoo, na kinyesi kwenye malisho, nitakuambia vyote vitatu. Lakini kichwa unaweza kukizika leo, na dawa unaweza kuinunua leo. Tabia ya mbwa kuchagua mahali pa kujisaidia huinunui. Inajengwa kwenye wiki chache za mwanzo, na ikishakaa, kuing'oa ni kazi.

Hapo ndipo ninapoingia mimi na Chui wangu.

Nilimleta akiwa na wiki nane, mwezi wa sita, baridi ya huku kwetu mteremko wa Meru mnaijua. Mchana nazunguka vijijini na pikipiki, nyumbani hakuna mtu. Nilikuwa nimesoma kwamba watu wa mjini wanawafundisha mbwa kwa kutandika magazeti ndani, mbwa anazoea karatasi, halafu wewe unatupa karatasi. Magazeti sina, ila maranda ya mbao ninayo magunia. Nikamtandikia maranda kwenye kona ya stoo, nikamwekea na boksi la kulala upande wa pili. Wiki tatu tu, kazi imekwisha! Chui akibanwa anakimbia mwenyewe kwenye maranda, anachimba kidogo, anamaliza, anarudi. Nilijisifu. Nilimpigia simu mwenzangu wa kata jirani kumtambia.

Mwezi wa tisa nikaagiza vifaranga 300 wa nyama. Nikasafisha banda, nikapuliza dawa, nikatandika maranda mapya, nikaandaa bruda. Asubuhi naingia nakuta marundo mawili yamekaa katikati. Nikadhani ni bahati mbaya, nikazoa, nikafunga mlango kwa waya. Vifaranga wakaja. Usiku wa pili Chui akakwangua ubao wa chini wa mlango mpaka ukaachia, akaingia. Hakula kifaranga hata mmoja, na hilo ndilo lililoniuma zaidi, maana hakuwa na nia mbaya. Alikuwa anakwenda chooni. Lakini vifaranga walipomwona walikimbilia kona moja wakalaliana, wa chini wakakosa hewa. Asubuhi nilihesabu 47.

Nikampiga. Nakiri. Nilimshika shingo nikamsukuma pua kwenye kile kinyesi, kama nilivyoona wazee wakifanya. Unajua alijifunza nini? Alijifunza kwamba kujisaidia mbele yangu ni hatari. Kuanzia hapo nikimtoa nje tunakaa dakika ishirini ananiangalia tu, nikigeuka anapotea, na kwa muda wa wiki mbili nikajidanganya kwamba amepona. Siku nimeenda kuchukua robota la hei nyuma kabisa ya stoo ya jirani yangu tunayechangia, nikakuta amehamia huko. Hei ya ng'ombe wa maziwa, jamani.

Ndiyo maana ukiniuliza "afisa, njia ipi ni bora ya kumfundisha mtoto wa mbwa," sikujibu mpaka uniambie kwanza: akiwa mkubwa unataka ajisaidie juu ya nini, na wapi? Mtoto wa mbwa hajifunzi "nje" na "ndani." Anajifunza ardhi iliyo chini ya miguu yake. Mpaka wiki ya tatu mama yake ndiye anayemlamba ili atoe haja, kisha anaanza kutoka mwenyewe pale anapolala, na kuanzia kama wiki ya saba mpaka ya tisa anaanza kupendelea kitu anachokanyaga akijisaidia. Kama ni nyasi, nyasi. Kama ni saruji, saruji. Na huo ndio umri ule ule unaomchukua kutoka kwa muuzaji. Kwa hiyo wewe unafika pale mlango wa uamuzi ukiwa wazi kabisa, usipoamua anaamua yeye.

Njia zilizopo ni kama nne, na sizipi uzito sawa.

Ya magazeti, maboksi au maranda ndani ya nyumba imetokana na watu wanaoishi ghorofani. Kwa mtu mwenye chumba ghorofa ya tatu mjini ina akili, hasa kama mbwa bado hajamaliza chanjo na nje kumejaa mbwa wa mtaani wenye parvo. Shambani usiiguse. Fikiria una nini shambani kwako: maranda bandani, pumba stoo, mifuko ya karatasi ya chakula cha kuku, majani makavu, magunia matupu. Vyote hivyo vitafanana na choo chake cha utotoni. Wewe unaona gazeti na mfuko wa mashudu ni vitu viwili. Yeye anaona kimoja.

Ya kumfungia usiku kwenye banda dogo inategemea kitu kimoja cha asili, kwamba mbwa hapendi kuchafua anapolala. Ni njia nzuri ukiijenga vizuri. Banda liwe la kumtosha kusimama, kugeuka na kujinyoosha, basi. Vijana wengi wanampenda mbwa wao wanamjengea jumba la futi sita, anagawa mwenyewe: huku chumbani, kule msalani. Ukitaka kujenga la kudumu sasa hivi, jenga la mbwa mkubwa lakini uweke ubao wa kutenga, unausogeza kadiri anavyokua. Paleti mbili za mbao na kipande cha bati vinatosha, ila bati lisipigwe jua la mchana. Na si gereza. Mtoto wa miezi miwili anaweza kujizuia kama saa mbili au tatu akiwa macho, zaidi ya hapo unamlazimisha kuvunja ile asili yake, na ikishavunjika hairudi kirahisi. Wapo pia watoto wa mbwa waliokulia kwa muuzaji ndani ya tundu chafu, wanalala juu ya kinyesi chao tangu kuzaliwa. Kwa hao njia hii peke yake haifui dafu. Ndiyo maana kabla hujatoa hela nenda uone pale wanapolala. Usikubali kuletewa kwa bodaboda kwenye boksi ukakutana naye getini.

Ya tatu ni ratiba na kamba. Unampeleka mahali pamoja, kwa saa zile zile, umemshika kamba, mpaka amalize. Hakuna teknolojia hapo, kuna mtu tu. Na ndiyo inayoshinda.

Ya nne ni kumwacha amfuate mbwa mkubwa. Wazee wetu ndivyo walivyofanya na ilifanya kazi, kwa sababu mtoto anafuata harufu na mwendo wa mkubwa. Tatizo ni kwamba anarithi vyote. Wale mbwa wawili wa boma la mbuzi, mdogo alifundishwa na mkubwa.

Mimi napendekeza ya pili usiku na ya tatu mchana, zikiwa pamoja. Hapa najua nitagombana na baadhi yenu mnaokaa mjini na kuja shambani Jumamosi. Mnaniambia "kijana wa shamba atamwangalia." Kijana wa shamba ana kuku 500 wa kulisha, ana maji ya kuchota, hukumwongeza mshahara, halafu unamwongezea mtoto wa mbwa anayehitaji kutolewa kila baada ya saa mbili. Hatafanya. Siyo mbaya, hana mkono wa tatu. Kama wewe mwenyewe hupo kwa mwezi mzima wa mwanzo na huna mtu uliyekubaliana naye kwa hela, usinunue mtoto. Tafuta mbwa wa miezi minane au kumi aliyelelewa nje kwenye udongo, lipa zaidi kidogo. Utamaliza salama.

Haya, tuseme upo. Siku moja kabla ya kumleta, chagua mahali.

Pawe udongo mtupu au mchanga, chini ya mti ikiwezekana, mteremko usielekee kisimani wala kwenye bustani. Pawe mbali na njia inayopita toroli la chakula, maana magurudumu yanabeba. Pasiwe karibu na getini. Hili la getini vijana mnalipuuza, na ni biashara yenu. Wanunuzi wengi wa kuku ni Waislamu, mate na uchafu wa mbwa kwao ni jambo zito, na mteja akikanyaga kinyesi mlangoni kwako au akaona mbwa anazunguka sehemu ya kuchinjia na ndoo za maji, hatagombana na wewe. Ataaga vizuri tu na kesho atanunua kwa mwingine. Mimi nimemwekea Chui upande wa nyuma, chini ya migrevilea miwili, upepo unakoelekea si nyumbani. Unaweza kupazungushia mawe kidogo. Siyo kwa ajili yake, ni kwa ajili ya watu, wajue hapa mtoto asicheze.

Siku anafika, kabla hajaingia popote, mshushie hapo. Atanusa, atakojoa tu, safari imembana. Hapo hapo, kabla hajamaliza kuinua kichwa, mpe kipande cha dagaa. Usisubiri mpaka mrudi nyumbani, maana ukimpa mlangoni umemlipa kwa kufika mlangoni. Dagaa wangu wanakaa mfuko wa shati, mke wangu amelalamika sana kuhusu harufu.

Siku za mwanzo mbebe, usimtembeze. Akiamka usingizini kibofu kimejaa, ukimwacha atembee hatua kumi ataimwaga ya tatu. Kisha saa ni hizi: akiamka tu, kila baada ya kula ndani ya dakika kumi mpaka thelathini, akimaliza kucheza, na kabla ya kulala. Katikati ya hapo, kwa mtoto wa miezi miwili, kila baada ya saa mbili. Kipimo cha kukumbuka ni miezi yake ongeza moja, hizo ndizo saa nyingi kabisa anazoweza kujizuia: wa miezi mitatu saa nne, na hapo ni kama amelala. Usiku weka alamu ya saa nane, umtoe mara moja, bila kucheza naye wala kuongea sana, arudi kulala. Kama unaamka saa tisa kukamua, sogeza iende sambamba. Baada ya wiki tatu hivi wengi wanalala mpaka alfajiri.

Chakula kiwe kwa saa, mara tatu kwa siku akiwa mdogo, na sahani iondolewe baada ya robo saa. Ukiacha ugali na dagaa pale siku nzima anakula kidogo kidogo, na kinachoingia bila ratiba kinatoka bila ratiba. Maji usimnyime.

Chagueni neno moja. Mimi nasema "haya kamalize." Neno lolote, ila liwe moja kwa wote mnaokaa pale. Baba anasema lake, kibarua lake, watoto lao, mbwa anabaki anawatazama kama mwanafunzi mwenye walimu watano wa hesabu.

Atakosea. Kama umemkuta katikati ya tendo, piga makofi mara moja, mbebe, mpeleke mahali pake, akimalizia pale mpe dagaa. Kama umekuta tayari kimeshakuwa baridi, umechelewa, safisha unyamaze. Hawezi kuunganisha kelele zako za saa moja na alichofanya saa kumi na mbili. Ile sura ya kuinamisha masikio mnayosema "anajua amekosa" ni kuona tu kwamba wewe umekasirika. Chui alinifundisha hilo kwa bei ya hei ya watu.

Kusafisha nako kuna makosa. Zoa, osha kwa maji na sabuni ya unga, suuza, kisha mwagia siki iliyochanganywa na maji nusu kwa nusu, acha jua limalizie. Usitumie dawa yenye harufu ya amonia, inafanana na mkojo, utakuwa umemwekea kibao cha choo. Kwa sababu hiyo hiyo usishangae akipenda banda la ndama, pua yake inamwambia hapa wenzangu wanajisaidia. Weka kizuizi cha waya chini ya geti la ndama mpaka afikishe miezi sita. Na jiki usiimwage juu ya mkojo mbichi, vikichanganyika vinatoa hewa mbaya ya kuchoma kifua, hasa stoo isiyo na madirisha.

Ukifuata hivi, mpaka miezi minne au mitano atakuwa ameelewa, na ajali moja moja mpaka miezi sita usizihesabu. Aliyekuwa ameshaelewa akaanza ghafla kukojoa matone kila wakati, huyo hajasahau, anaumwa, mpeleke kwa daktari wa mifugo. Akiharisha damu na kutapika, usisubiri kesho.

Wengi wanafundisha vizuri halafu wanaharibu mwisho: choo kipo, mbwa anakitumia, hakuna anayezoa. Zoeni kila siku. Mayai ya minyoo ya duara ya mbwa, ile ambayo watoto wake huzaliwa nayo tumboni, yanahitaji wiki mbili au zaidi kwenye udongo kabla hayajaweza kuambukiza. Ukizoa kila asubuhi umeyawahi. Mayai ya tegu hayasubiri, yakitoka yako tayari, kwa hiyo nawa mikono kwa sabuni na koleo la kazi hiyo lisiende kwenye chakula cha mifugo. Tumbukiza kinyesi kwenye choo cha shimo. Usichanganye kwenye mboji ya mchicha, hata kama mtu amekuambia mbolea ni mbolea.

Dawa ya minyoo mtoto wa mbwa anaanza akiwa na wiki mbili, inarudiwa kila wiki mbili mpaka baada ya kuachishwa kunyonya, kisha kila mwezi mpaka miezi sita. Muulize muuzaji amempa lini, na kama anababaika jua hajampa. Mbwa mkubwa wa shambani mpe angalau kila miezi mitatu, na sehemu zenye kuchinja mara kwa mara ni bora kila wiki sita. Soma lebo, lazima kuwe na prazikwanteli ndani, kwa sababu dawa nyingi za bei rahisi zinaua minyoo ya duara na kumwacha tegu anacheka. Dawa ya ng'ombe usimpe kwa kukadiria kijiko. Mkiwa hapo hapo kwa daktari ulizieni chanjo ya kichaa cha mbwa na parvo.

Mmenisubiri niseme nilimrekebishaje Chui. Kwanza nilimfungia njia zote za kufika kwenye maranda na hei, nikabadilisha mbao za chini za mlango nikaweka bati. Halafu nikachukua ndoo ya maranda yake yale yale, yenye harufu yake, nikayamwaga chini ya migrevilea. Nikampeleka kwa kamba ndefu, mita tano hivi, ili asinihisi niko mgongoni, na mimi nikageuka nikawa naangalia mlima. Siku ya nne ndipo alipokubali. Nikampa dagaa watatu. Kila baada ya siku mbili tatu nilipunguza maranda, nikaongeza udongo, mpaka ukabaki udongo mtupu. Ilichukua karibu miezi mitatu kufuta nilichokifundisha kwa wiki tatu. Yule kijana wa mbuzi alihamisha majani yake juu ya chanja, akazungushia waya, akaanza kuzika vichwa kwenye shimo refu, na mbwa wake mpya ameanzia kwenye mchanga tangu siku ya kwanza. Yule mkubwa ameshindikana, anafungwa usiku na anatembezwa kwa kamba.

Chui sasa ana miaka miwili na nusu. Nimeingiza vifaranga mara nyingi tangu siku ile na analala nje ya mlango wa banda, haangalii hata ndani. Kaugonjwa kamebaki kamoja. Mwezi uliopita nilisafiri naye nyuma ya pikapu kwenda kwa mama, tulitoka asubuhi, kila nikimshusha ananusa, anazunguka, anarudi kukaa. Pori zima lipo, hataki. Tulipofika karibu na jioni mama akatutoa nje kutuonyesha migomba yake, na mpakani mwa shamba kuna mgrevilea mmoja. Sijawahi kuona mbwa anakimbia vile.